Sukari ya mama mkubwa na mahubiri yangu mabaya



Vijana wenzangu, leo naanza kwa kuungama, ingawa kitubio chenyewe nilishakifanya kwa padre. Julai mwaka jana nilikuwa likizo nyumbani Umwe, huku Rufiji. Jumuiya ikasali kwetu, na mnajua ilivyo: frateri akiwa likizo, lazima apewe neno. Nilikuwa nimemaliza falsafa juzi tu, kichwa kimejaa, nikaona hapa ndipo mahali pa kukipunguza. Nikazungumzia vilema vikuu, nikafika kwenye ulafi. Nikasema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na mtu anayejijazia sukari mpaka akaugua amelibomoa hekalu kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikajiona Chrysostom.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameinyoosha, wa kulia umefungwa kitambaa. Jumuiya nzima ilijua ana kisukari. Mimi pia nilijua. Kwa kweli nilijua vizuri sana wakati nasema yale maneno.

Hakujibu kitu. Sala ya mwisho ilipoisha aliondoka kabla ya chai, na tangu siku ile hakurudi jumuiya. Nilipompitia kuaga nikamwambia, "Shikamoo mama mkubwa." Akaitikia, "Marahaba, Frateri." Sasa ninyi mtasema kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba nimechukua jina la babu, baba yao, na tangu nizaliwe mama mkubwa hajawahi kuniita kitu kingine zaidi ya "baba". Siku ile nikawa Frateri, kama mgeni.

Nimerudi nyumbani wiki hii kwa ruhusa, kwa sababu mama mkubwa amekatwa kidole gumba cha mguu. Alijikwaa kwenye kipande cha bati, hakusikia maumivu, kwa sababu sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguuni. Kidonda kikachimba chini kwa chini. Majirani wengine walisema amekanyaga kitu alichotegewa, zikapotea wiki tatu kwa dawa za kupaka. Na wengine, nao ni Wakristo wazuri tu, walisema kile nilichosema mimi: kajitakia.

Injili ya Jumapili hii, ya nne ya Kwaresima Mwaka A, ni ya yule kipofu tangu kuzaliwa, Yohane sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu na ugonjwa wake, na swali lao la kwanza si "tumsaidieje?" Wanataka kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Nimeisoma Injili hii mara nyingi na siku zote niliwashangaa wanafunzi. Safari hii nimejiona nimesimama katikati yao.

Basi, ngoja niwasimulie kilichonitokea kituo cha afya.

Nilimsindikiza mama mkubwa kusafishwa kidonda, asubuhi, mimi mwenyewe sijala kitu. Daktari, dada mmoja kijana anayeongea taratibu, akasema ndugu wa damu wa mgonjwa nao wapimwe. Nikatoa kidole huku nacheka. Mimi ni mwembamba, mnanijua kwenye picha, nikisimama pembeni ya mshumaa wa Pasaka mnatutofautisha kwa shida. Mashine ikasoma 6.4. Kabla ya kula, Shirika la Afya Duniani linahesabu 7.0 na kuendelea kuwa ni kisukari, na kati ya 6.1 na 6.9 ni njia panda: bado si ugonjwa, lakini si salama. Kipimo kimoja hakitoshi, kitarudiwa. Lakini cheko liliisha.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Ulizaliwa na kilo ngapi, Frateri?"

Nikamuuliza mama jioni. Akaenda kwenye sanduku, akatoa kadi yangu ya kliniki, kona zimeliwa na mende. Kilo 2.1. Mtoto aliyezaliwa chini ya 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Nimezaliwa 1998, mwaka wa mvua za El Niño. Mto Rufiji ulitoka kwenye kingo zake, mpunga wa bondeni ukaenda na maji, na mama alikuwa na mimi tumboni. "Tulikuwa tunakula kinachopatikana," alisema, "na siku nyingine kilikuwa hakipatikani."

Na mama mkubwa? Yeye alizaliwa mwanzoni mwa 1969. Wazee wa Rufiji wakisikia mwaka huo wanajua. Mafuriko makubwa ya 1968 yalibomoa maisha ya bondeni, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya mto kwenda kuishi vijiji vya juu. Babu alikuwa ameshuka kutoka Ulanga kabla ya hapo, akaoa, akalima mpunga. Bibi alibeba mimba ya mama mkubwa katika mwaka huo huo wa maji na kuhama. Kwenye familia yetu inasimuliwa kwamba kuna wiki walikula maembe mabichi ya kuchemsha. Kumbukeni hayo maembe, nitayarudia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakikuwamo kwenye madaftari yangu ya falsafa.

Kisukari cha aina ya pili, hiki kinachowapata wengi, hakianzi siku unapopimwa ukaambiwa. Hakianzi hata na soda ya kwanza. Kwa wengi hesabu yake inaanza kufunguliwa tumboni. Kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, kina seli zinazotengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoiruhusu sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli ikafanye kazi. Sehemu kubwa ya seli hizo mtu huzipata akiwa tumboni na katika miaka michache ya mwanzo. Mama akikosa chakula, mwili wa mtoto unafanya kama mama mwenye nyumba siku ya njaa: unagawa kwa upendeleo. Ubongo unapewa kwanza. Kongosho na misuli vinasubiri. Mtoto anazaliwa hai, mdogo, na mwili wake umejipanga kwa dunia ya uhaba.

Kama dunia ingebaki ya uhaba, labda angefika uzeeni bila shida. Taabu inakuja dunia ikibadilika. Mwaka 1991 na 1992 Waingereza wawili, David Barker na Nicholas Hales, walichapisha kazi juu ya wanaume wa Hertfordshire waliozaliwa kati ya 1920 na 1930, ambao wakunga walikuwa wameandika uzito wao wa kuzaliwa. Wakiwa na miaka kama 64, waliozaliwa wadogo ndio waliokuwa na shida zaidi ya sukari. Uholanzi nayo ilipata njaa kali wakati wa vita, baridi ya 1944 hadi 1945. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule walipimwa Amsterdam wakiwa na miaka kama 50, na miili yao ilikuwa inaisukuma sukari kwa taabu kuliko ya wengine. Miaka 50! Njaa ya miezi michache, mwili unaikumbuka nusu karne.

Siwezi kuapa kwamba mafuriko ndiyo yaliyomkata mama mkubwa kidole. Hakuna daktari anayeweza kusema hivyo kwa mtu mmoja. Kuna urithi wa damu, kuna umri, kuna chakula, kuna kazi mtu anayofanya. Ninachosema ni kwamba nilipohubiri Julai nilianza kusoma kitabu cha maisha yake kwenye ukurasa wa mwisho.

Na ukurasa wa katikati nao upo. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko, na magari yanayokwenda kusini yalilala hapo yakisubiri. Lami imetuletea mengi mazuri, simkatazi mtu kuifurahia. Lakini imeleta pia soda kila kibanda, mandazi ya ngano nyeupe, na bodaboda ya kumpeleka mtu shamba alikokuwa anatembea saa nzima. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya vijiko vinane vya chai. Mwili uliojipanga kwa maembe ya kuchemsha umeletewa hiyo, na miguu imepumzishwa. Utafiti uliochapishwa 1989 kwenye vijiji sita vya Tanzania ulikuta chini ya mtu mzima mmoja kati ya mia ana kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 kati ya mia. Vipimo na sehemu zilitofautiana, kwa hiyo msilinganishe kama bei za sokoni, lakini mwelekeo unaonekana.

Mnisamehe hapa kidogo kwa falsafa. Mtakatifu Thoma, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba fadhila ni mazoea: mtu anatenda, anarudia, mpaka inakuwa sehemu yake. Nililipenda fundisho hili kwa sababu linampa kila mtu usukani wake. Bado nalipenda. Ila sikuwa nimefikiri kwamba mwili unaweza kuwa na mazoea ambayo hukuyafanya wewe. Yamefanywa na mama yako kwa kukosa, na mama yake kwa kukosa, na mto kwa kujaa. Unapofikisha miaka 20 ukasema "sasa nachagua", unachagua ukiwa ndani ya mwili ambao umeshachaguliwa mambo mengi.

Ndiyo maana Waisraeli walikuwa na methali yao, kwamba wazazi wakila zabibu mbichi, meno ya watoto ndiyo yanayokufa ganzi. Ipo Yeremia 31, ipo Ezekieli 18. Nilipoifikiria nikiwa na kadi ya kliniki mkononi, niliona kama sayansi imeipa haki: bibi alikula maembe mabichi, mama mkubwa kafa ganzi, tena miguu. Lakini Mungu kwa kinywa cha Ezekieli anaipiga marufuku methali hiyo. Kwa nini, kama ina ukweli?

Nimekaa na swali hilo siku tatu. Jibu langu, na mapadre wasomao hapa watanisahihisha, ni hili: methali inachanganya hatari na hatia. Hatari inaweza kupita kutoka tumbo hadi tumbo. Hatia haipiti. Ezekieli anawaambia watu waliokuwa uhamishoni Babeli, waliokata tamaa, waliosema yametuandikia wazee wetu basi, kwamba wao bado wanaweza kugeuka na kuishi. Na Yesu mbele ya kipofu haulizi deni ni la nani. Anatema mate, anafanya tope, anaanza kazi.

Kwa hiyo tuje kwetu, maana wengi mnaosoma mna kati ya miaka 15 na 30, na mnadhani hii ni mada ya Wanawake Katoliki.

Ukibalehe, homoni zinafanya mwili uisikilize insulini kwa uzito kuliko ulivyokuwa mtoto. Kwa wengi hali hiyo inajirudi ujana ukitulia. Lakini ni kipindi hicho hicho tunapoanza kunywa "energy" mbili kwa siku ili tusome usiku. Kisha inakuja miaka ya ishirini, miaka ya kujidanganya, kwa sababu kongosho likizidiwa halipigi kelele. Linafanya kazi ya ziada miaka na miaka, kimya, kama yule mama wa jumuiya anayefua vitambaa vya altare na hakuna anayemjua mpaka augue. Kukojoa usiku, kiu isiyoisha, macho kupata ukungu, hayo yanakuja mlango ukiwa umeshafunguliwa muda mrefu. Na msingoje unene. Huku kwetu wapo wengi wembamba wenye kisukari. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limekubali hata kuitambua aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo.

Akina dada, kuna kisukari cha mimba. Kinakuja na ujauzito, mara nyingi kinaondoka na kujifungua, na kijijini tunakishangilia bila kujua, kwa sababu mtoto anazaliwa na kilo nne na nusu na watu wanapiga vigelegele. Mama huyo ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari baadaye, na mtoto naye. Apimwe tena akishajifungua, asiishie kwenye vigelegele. Akina kaka, mkimwona mjamzito nyumbani anakula mwisho baada ya wanaume kushiba, hiyo si mila ya kuitetea.

Na kuna aina ya kwanza, inayowapata hata watoto wadogo, ambapo kinga ya mwili inazishambulia zile seli za insulini. Hao wanahitaji insulini kila siku ili waishi. Hawakula pipi nyingi. Tafadhali asitokee mtu kwenye maombi akamwambia mtoto kama huyo aache sindano ili aonyeshe imani. Mungu aliyetumia tope na mate hachukizwi na dawa.

Habari njema ipo, na si ya kubembeleza. Mwaka 2001 Finland na mwaka 2002 Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima waliokuwa njia panda kama mimi. Waliosaidiwa kubadilisha chakula, kupunguza uzito na kutembea au kufanya mazoezi, Marekani ilikuwa angalau dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kufika kwenye kisukari kwa asilimia 58. Misuli ndiyo inayokula sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, na misuli inajengwa kwa jembe, kwa ndoo, kwa kutembea kwenda kigangoni. Mimi sina uzito wa kupunguza, kwa hiyo nimeambiwa nijenge misuli. Nimeanza. Chai bila sukari siku ya kwanza ni adhabu, siku ya kumi ni chai.

Neno la haraka kuhusu kufunga, kwa kuwa mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimetembea pamoja na Umwe nzima imefunga, sisi wachache na majirani zetu Waislamu walio wengi. Sheria ya Kanisa inawadai kufunga wenye miaka 18 hadi kuanza 60, na mgonjwa hadaiwi. Majirani zetu nao wana ruhusa kwa mgonjwa. Mtu anayetumia dawa za kisukari akifunga kimya kimya anaweza kushukiwa sukari akaanguka. Mwulize daktari kwanza.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi si 6.4 yangu. Aprili 2024 mto ulitoka tena. Mliona picha, Rufiji na Kibiti, nyumba ndani ya maji, watu kwenye mitumbwi. Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto wake anatambaa sasa kwenye ule ule mkeka, karibu mwaka na nusu, mdogo kwa umri wake. Maji ya 1968, ya 1998, ya 2024. Mmoja amekatwa kidole, mmoja yuko njia panda, mmoja anatambaa.

Kwake yeye mlango bado uko wazi. Waingereza waligawiwa sukari kwa kipimo tangu enzi za vita mpaka Septemba 1953. Utafiti uliochapishwa 2024 ulilinganisha watu waliotungwa na kulelewa kabla na baada ya mwaka huo. Waliopata sukari kidogo tangu tumboni na katika miaka miwili ya mwanzo walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari cha aina ya pili ukubwani, pungufu kwa kama theluthi moja. Na hao hawakuchagua. Waliamuliwa na wakubwa. Kwa hiyo huyu mdogo wetu nimemwombea jambo moja kwa mama yake: ile soda wanayomnyamazishia kwenye chupa ya maziwa iishe. Apewe dagaa, kunde, kisamvu, embe likiwa bivu. Jumuiya tukimpelekea mtoto zawadi, tusipeleke biskuti. Tray ya mayai hapa si bei ya kutisha watu kumi wakichanga.

Jana jioni nilikwenda kwa mama mkubwa. Nilipiga magoti kwanza, kisha nikakosa maneno, mimi mwenye shahada. Nikamwambia tu kwamba yale niliyosema Julai yalikuwa maneno ya mtu asiyejua, na kwamba nilimlenga yeye, na kwamba naomba anisamehe. Alinyamaza akamwangalia mjukuu wake anavyovuta kona ya mkeka. Halafu akasema, "Wanasema na wewe wamekutoboa kidole."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Sukari yako ngapi, baba?"

Nikamwambia. Akasema Alhamisi anarudi kufungua kidonda, twende wote, na mimi nirudiwe kipimo. Jumuiya ijayo amesema isaliwe kwake, kwa kuwa bado hawezi kutembea, na neno nitatoa mimi. Mniombee.